Moto kwa Zamu

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Malawi kwa barabara kwa kawaida hupita Kasumulu. Huiacha baridi ya Uyole, hupita Tukuyu penye chai na migomba, kisha huteremka mpaka joto la Kyela limpige usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Mwisho wa safari hiyo ya kilomita kama mia moja hukuta kizuizi, ofisi za forodha na uhamiaji, wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha na shilingi, vijana wa baiskeli, na daraja la Mto Songwe. Wengi hugonga mihuri wakaenda zao. Mimi nilipata hapo somo ambalo mpaka leo sijalimaliza, na mwalimu wangu alikuwa kifaa kidogo kilichokaa ubavuni mwa injini ya Land Rover.

Kifaa hicho ni distribyuta. Vijana wengi wanaojifunza ufundi leo hawajapata kuifungua, kwa sababu magari yaliyo nayo yamebaki machache. Kwa hiyo namwomba msomaji anivumilie nianze na kazi yake, maana asiyeijua kazi yake hataelewa kosa langu.

Injini ya petroli ya silinda nne huhitaji cheche ya moto katika kila silinda, na kila silinda ina zamu yake. Katika Land Rover huanza ya kwanza, ikafuata ya tatu, halafu ya nne, kisha ya pili. Betri ina volti 12 tu, na volti 12 haziwezi kuruka hata ule upenyo mdogo ulioko kwenye ncha ya plagi. Ndiyo maana umeme hupitishwa kwanza katika koili, yenye nyaya mbili zilizozungushwa pamoja: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Umeme ukipita katika waya mnene, hakuna jambo. Jambo hutokea pale unapokatwa ghafla, kwani hapo waya mwembamba hutoa maelfu ya volti kwa mkupuo mmoja. Zinazoukata ni pointi, vidole viwili vya chuma vilivyomo ndani ya distribyuta, na kinachougawa kwa plagi ni rota inayozunguka chini ya kifuniko. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000 katika dakika hiyo hiyo, yaani mara 100 kila sekunde.

Kuna mwenzao mmoja ambaye hatajwi sana, naye ni kondensa. Pointi zinapoachana, umeme haukubali kukatika mara moja, bali hutaka kuruka pengo. Ukiachwa uruke, pointi huungua na koili hukosa nguvu. Kondensa huupokea umeme huo kwa kitambo kidogo mno, ili mkato uwe mkato kweli. Nayo ni kopo dogo la bati, lisilozidi kidole gumba, lenye waya mmoja na skrubu moja.

Kopo hilo lina nasaba ndefu kuliko motokaa yenyewe. Mwaka 1851, mjini Paris, fundi wa Kijerumani Heinrich Ruhmkorff alipata hati ya koili yake ya kutolea cheche ndefu. Mwaka 1853 mwanafizikia Mfaransa Hippolyte Fizeau alipendekeza kondensa iunganishwe na kile kikatizi cha koili, ili cheche isipotee mahali pasipotakiwa. Etienne Lenoir akatumia koili ya namna hiyo katika injini yake ya gesi mwaka 1860. Baadaye, mwaka 1902, kiwanda cha Robert Bosch huko Stuttgart kilitoa magineto ya nguvu kubwa, na kwa miaka mingi magari mazuri yalitegemea magineto. Lakini mpangilio tulioujua sisi, wa betri, koili, pointi na kondensa, uliwekwa sawa na Charles Kettering wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza mashine za kuhesabia fedha za dukani. Kampuni ya Cadillac iliuweka katika magari yake ya mwaka 1910, na ukatawala barabara za dunia kwa zaidi ya miaka 60. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilikuwa na mpangilio huo huo.

Huku kwetu, wakati Kettering anashughulika na pointi zake, mizigo ilikuwa ikisafiri juu ya vichwa vya watu. Mpaka wa Songwe ulikuwa umechorwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, nao waliouchora hawakuuliza kama Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule walikuwa wakioana na kuzikana. Septemba 1914 Wajerumani waliuvuka mto kwenda kupigana Karonga. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliuvuka kuja huku, yakaitwaa Neu Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo. Nyuma ya majeshi hayo walitembea wapagazi, wale walioitwa tenga-tenga, na wengi wao hawakurudi makwao. Kila nionapo gari likipanda mlima wa Tukuyu na magunia, huwakumbuka hao waliotangulia kuupanda bila injini.

Mpaka ule uliochorwa kwa kalamu umekaa mpaka leo, ingawa mto wenyewe hauuheshimu sana. Songwe hufurika kila masika na kubadili mkondo, hata mtu aliyelala shamba lake likiwa upande mmoja huamka akalikuta ng'ambo. Tangu mwaka 1967 serikali zetu mbili zimekuwa zikibishana juu ya mpaka wa ziwani. Watu wa Kasumulu wameendelea kuuziana mchele, sabuni, sukari na mafuta, kwa lugha zinazosikilizana, wakati mwingine kwa ruhusa na wakati mwingine bila ruhusa. Lakini mabishano ya wakubwa huacha mbegu. Jambo likiharibika, ni rahisi mno kusema, "Ni watu wa ng'ambo hao."

Sasa nirudi kwenye gari. Miaka ile ya uhaba, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupata kipuri kipya ilikuwa kazi ya miezi. Kati yetu alikuwapo fundi mmoja mzee, tuliyemwita Tata kwa heshima, yaani baba. Alikuwa na karakana ya mabati manne chini ya mwembe. Mtu huyo hakuwa na kitabu cha kiwanda, ila alikuwa na akili ya kutazama. Nafasi ya pointi za Land Rover inatakiwa iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Tata hakuwa na vyuma vya kupimia, kwa hiyo alitumia nyembe. Wembe mmoja una unene wa milimita 0.1, na nyembe nne zikiwekwa pamoja huwa kipimo kamili. Ile ncha ya mkaa iliyo katikati ya kifuniko cha distribyuta ilipokwisha, alivunja betri kuukuu ya tochi, akatoa kijiti cha mkaa kilichomo ndani, akakisugua kwenye jiwe mpaka kikaingia. Magari ya wilaya nzima yalitembea kwa vijiti vya tochi.

Land Rover yetu ilikuwa ya baba yangu mdogo, nami ndiye niliyeiendesha, nikipeleka mchele Mbeya. Aprili 1993, mvua zikiwa zimechachamaa kama kawaida ya Kyela, nilinunua madumu mawili ya petroli kwa rafiki yangu wa ng'ambo. Huyo alikuwa rafiki wa siku nyingi. Mama yake alizaliwa Kyela. Alinikopesha mafuta mara nyingi nami nikamlipa nikirudi, bila karatasi, kwa daftari alilolitunza kichwani. Nikapakia magunia, nikaondoka alfajiri.

Tulipoanza kupanda, injini ikawa inamisi. Mbele kidogo ikazima. Nikasubiri kama nusu saa, nikapiga stata, ikawaka vizuri kabisa. Tukaenda kilomita chache, ikazima tena. Ikawa hivyo mara nne. Utingo wangu akasema, "Bosi, hii petroli ina mafuta ya taa." Abiria wawili walioketi juu ya magunia wakaitikia kwamba watu wa ng'ambo siku hizi wanachanganya. Mimi sikupima wala kuuliza. Niligeuza gari, nikateremka nalo kwa kusuasua mpaka Kasumulu, na hasira ikawa inapanda kadiri sisi tunavyoshuka.

Nilimkuta rafiki yangu penye soko, katikati ya wateja wake. Yale niliyomwambia sitayaandika yote. Itoshe kusema kwamba nilimwita mwizi mbele za watu, na nikatia neno juu ya kwao. Hakunijibu kwa matusi. Alisema tu, "Ndugu yangu, mafuta hayo hayo nimewauzia watu sita jana." Mimi nikaona hayo ni maneno ya mfanyabiashara. Niliondoka, na nyuma yangu nikaona wateja wawili wakichukua madumu yao matupu na kuondoka bila kununua.

Nikalipeleka gari kwa Tata. Hakufungua kitu. Alikaa juu ya gurudumu kuukuu, akaniuliza, "Mwanangu, linapozima, linadhoofika kwanza kama mgonjwa, au linakatika kama taa iliyopulizwa?"

Nikafikiri. "Linamisi kidogo, Tata, kisha linakatika."

"Likipoa?"

"Linawaka."

"Basi," akasema, "petroli mbovu haipoi ikawa nzuri."

Sentensi hiyo moja ilinifanya nitazame chini. Hata hivyo Tata hakutaka niamini kwa maneno. Alifungua bakuli la kabureta, akamwaga petroli kidogo katika glasi, akaiacha itulie. Maji yangekuwapo yangekaa chini, nayo hayakuwapo. Akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha alama, ila mafuta ya taa huacha doa. Karatasi ilikauka ikawa nyeupe kama mwanzo. "Huyu hana kesi," akasema, nami nilijua kwamba hakuwa akiizungumzia petroli.

Ndipo tukahamia kwenye moto. Tata alichomoa waya mnene wa katikati kutoka kwenye kifuniko, akaushika kwa koleo lenye mpira, akauweka karibu na chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Cheche ikaruka, ya bluu, yenye mlio. Koili ilikuwa nzima, au angalau ilikuwa nzima ikiwa baridi. Akaurudisha waya. Akafunika boneti kwa magunia ili joto lisitoke, akaacha injini ingurume. Tukangoja, tukanywa chai. Baada ya muda injini ikaanza kumisi, ikazima. Bila kupoteza dakika akachomoa waya ule ule. Cheche sasa ilikuwa ya manjano, fupi, dhaifu. Akafungua kifuniko cha distribyuta, akaniambia niinamishe kichwa nitazame pointi zinapofunguka. Pale pasipotakiwa moto ndipo palipokuwa na moto, mkubwa na mweupe. Nyuso za pointi zilikuwa zimeungua, moja imechimbika na nyingine imeota kijilima.

"Kondensa," akasema Tata. "Ikiwa baridi inafanya kazi. Ikipata joto inakata tamaa."

Kondensa mpya haikuwapo, si Kasumulu wala Kyela mjini. Nyuma ya karakana palikuwa na lori la Bedford lililokufa zamani, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Tata akaingiza mkono, akatoka na kondensa yake. Haikuingia mahali pa ile ya zamani, kwa hiyo akaifunga nje, kwenye skrubu ya kishikizo cha koili, akakwangua rangi ili iguse chuma kitupu, na waya wake akauunga na waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye pointi. Pointi akazinyoosha kwa tupa laini, akazifuta kwa kitambaa kikavu, akaweka nyembe zake nne, akakaza. Akapaka grisi kidogo, kiasi cha punje ya mchele, mahali pointi zinaposuguana na mhimili, maana grisi ikizidi hurukia pointi na kuleta balaa jingine. Mwisho akaunga balbu ndogo kupimia majira ya cheche: pale balbu ilipowaka ndipo pointi zilipofunguka, akaigeuza distribyuta kidogo mpaka majira yakakaa sawa.

Injini iliwaka kwa mguso mmoja. Tukaifunika tena kwa magunia, ikanguruma saa nzima bila kukohoa. Kesho yake nilifika Mbeya na mchele wangu bila kusimama. Kondensa ya Bedford iliendelea kukaa nje ya distribyuta yetu miaka saba, mpaka gari lilipouzwa.

Lakini kabla ya kwenda Mbeya, jioni ile ile nilivuka daraja kwa miguu. Nilikuwa na ile kondensa mbovu mfukoni, kana kwamba ingenisaidia kueleza. Nilimkuta rafiki yangu nyumbani kwake, akanikaribisha kiti, mkewe akaleta wali na samaki. Nikaeleza yote: glasi, karatasi, cheche ya manjano. Nikamwomba radhi. Akaichukua kondensa, akaigeuza mkononi, akasema, "Kumbe kitu chenyewe ndicho hiki." Akacheka kidogo. Alinisamehe, na sina shaka kwamba alinisamehe kweli. Siku ya pili, kwa ombi langu, tulisimama pamoja sokoni nikasema mbele ya watu kwamba petroli yake ilikuwa safi. Walionisikia walikuwa wachache kuliko waliosikia matusi. Daima huwa hivyo.

Tuliendelea kununua mafuta kwake, lakini hakunikopesha tena. Hakusema neno. Ilikuwa kila nikitaka kulipa baadaye, yeye hutazama pembeni, nami hutoa fedha. Lile daftari la kichwani lilikuwa limefungwa, na hakuna fundi wa kulifungua. Ndipo nilipoelewa kwamba kuna vitu vinavyotengenezeka kwa kipuri cha Bedford na vingine havitengenezeki hivyo.

Sasa ni miaka mingi. Tata amekwisha kufariki. Mipangilio ya umeme isiyo na pointi ilianza kuenea Marekani katika miaka ya 1970, kampuni ya Chrysler ikiiweka katika magari yake yote ya nchini humo kufikia mwaka 1973, na magari yaliyotumika yanayotuijia kutoka Japani mengi hayana hata distribyuta, kila plagi ina koili yake. Fundi kijana wa leo huchomeka mashine, akasoma namba ya kosa kwenye kioo. Siyalaumu maendeleo hayo. Hata hivyo nimeona mara kadhaa mashine ikitaja kifaa fulani, kifaa kikabadilishwa kwa fedha nyingi, na gari likazima vilevile, kwa sababu hakuna aliyeuliza maswali mawili ya Tata: linazimaje, na likipoa inakuwaje?

Naandika haya kwa ajili ya maswali hayo. Ufundi wa distribyuta unaondoka, na pengine hapana ubaya ukiondoka. Uchunguzi wa Tata ndio ambao haufai kuondoka nao. Yeye alianza kwa kusikiliza, akaendelea kwa kumwondolea mshtakiwa mashtaka kwa ushahidi, kisha ndipo akatafuta mwenye kosa, na akamtafuta akiwa katika hali ile ile ya kukosea, yaani akiwa na joto. Mimi nilianza na mshtakiwa. Nilimchagua kwa sababu alikuwa ng'ambo ya mto uliofanywa mpaka na watu wasiotujua.

Ile kondensa mbovu ninayo mpaka leo, ndani ya kopo la misumari. Mara mojamoja, nisikiapo watu wakizozana na kunyosheana vidole kuvuka mto, huitoa nikaitazama. Ukiipima ikiwa baridi, utasema ni nzima.